Je, Ugaidi Waweza Kukomeshwa? Mafunzo ya Mwaka 1998 kwa Kanisa

Utangulizi

Siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, yapata saa nne na nusu asubuhi, magari mawili yaliyosheheni baruti yalilipuka karibu kwa wakati mmoja kwenye ofisi za ubalozi wa Marekani, moja Nairobi na jingine Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam watu 11, na majeruhi walihesabiwa kwa maelfu. Iliyokusudiwa ilikuwa Marekani, walakini Wamarekani waliokufa walikuwa 12, wote Nairobi. Waliosalia karibu wote walikuwa Waafrika: wapita njia, makarani, walinzi, madereva, na wanafunzi wa uhazili waliokuwa darasani katika jengo la Ufundi lililoporomoka lote.

Tangu siku hiyo swali moja limekuwa likiulizwa katika sharika zetu: je, jambo hili litakoma? Hilo si swali la wanasiasa na wanajeshi peke yao. Mchungaji huulizwa makaburini na wazee wa kanisa, na wenye kuuliza hawataki jibu la kuwaliwaza tu. Katika makala hii tunakusudia kulitazama swali hilo kwa njia ya historia. Tumeuchagua mwaka 1998 kuwa kituo chetu, kwa sababu katika mwaka huo mmoja kundi moja la magaidi lilijivunja lenyewe huko Ujerumani, vita ya miaka 30 ilipatanishwa huko Ireland ya Kaskazini, Afrika ya Kusini ilipokea taarifa ya maovu yake, na sisi wa Afrika ya Mashariki tukaletewa msiba tusioufahamu. Anayetaka kujua kama ugaidi una mwisho hana budi kuyaweka mambo hayo manne pamoja.

Jina na maana yake

Neno gaidi si geni katika Kiswahili. Zamani lilimaanisha mnyang'anyi, yule aviziaye watu njiani. Wala tendo lenyewe si geni katika Maandiko. Katika Matendo ya Mitume 21:38 jemadari wa Kirumi anamdhania Paulo kuwa ni yule Mmisri aliyewaongoza wauaji 4,000 kwenda jangwani. Jina la Kigiriki la wauaji hao latokana na kisu kifupi cha Kirumi. Mwanahistoria Yosefo aeleza kwamba walificha visu hivyo chini ya nguo zao, wakaua watu katikati ya umati wakati wa sikukuu, kisha wakajichanganya na waliokuwa wakipiga mayowe. Mmojawapo wa watu wa kwanza kuuawa nao alikuwa kuhani mkuu Yonathani, Myahudi mwenzao. Hofu, asema Yosefo, iliwaumiza watu kuliko visu vyenyewe, kwa kuwa kila mmoja alimtazama jirani yake kama adui.

Tunajifunza mawili hapo. La kwanza, ugaidi umekuwako muda mrefu, nao hukusudia kuwatisha walio hai kwa njia ya waliokufa. La pili, jina hilo laweza kumwangukia asiyestahili, kama lilivyomwangukia Paulo. Sisi Watanzania twalijua hilo vema. Nchi yetu iliwapokea wapigania uhuru wa ANC, ikawapa ardhi Mazimbu na Dakawa mkoani Morogoro, ilhali serikali ya Makaburu iliwaita magaidi. Marekani nayo haikuondoa vikwazo vyake vya kisheria dhidi ya Nelson Mandela na chama chake kwa sababu hiyo mpaka mwaka 2008, miaka 14 baada ya yeye kuwa rais.

Je, tuseme basi kwamba ugaidi ni jina tu ambalo mwenye nguvu humpa mnyonge? La hasha. Mnamo Oktoba 1998 Tume ya Ukweli na Upatanisho, iliyoongozwa na Askofu Mkuu Desmond Tutu, ilitoa taarifa yake. Ilithibitisha kwamba ubaguzi wa rangi ulikuwa uovu dhidi ya binadamu, na kwamba vita ya kuupinga ilikuwa ya haki. Hata hivyo ilisema pia kwamba baadhi ya matendo ya wapigania uhuru, mathalani bomu la barabara ya Church huko Pretoria lililoua watu 19 tarehe 20 Mei 1983, yalivunja haki za binadamu. ANC ilikwenda mahakamani kuizuia taarifa isitolewe, ikashindwa. Tume ilikataa kuwa na vipimo viwili. Kwa kufuata mfano wake, sisi twauita ugaidi tendo la kuwaua au kuwatishia kwa makusudi watu wasiobeba silaha, ili kuitia hofu jamii nzima kwa ajili ya shabaha ya kisiasa, awaye yote atendaye, hata akiwa ni serikali. Uzuri wa shabaha hauitakasi kila njia.

Ujerumani: mwisho usio na toba

Kundi lililojiita Kikosi cha Jeshi Jekundu (RAF) lilianza mwaka 1970 katika Ujerumani ya Magharibi. Mmojawapo wa viongozi wake, Gudrun Ensslin, alikuwa binti wa mchungaji wa Kanisa la Kiinjili katika jimbo la Württemberg. Alilelewa katika nyumba ya sala, akasomea ualimu. Tarehe 2 Juni 1967 polisi wa Berlin ya Magharibi walimpiga risasi na kumwua mwanafunzi katika maandamano, na vijana wengi wakaamini kwamba dola ya wazazi wao ilikuwa bado ile iliyomtumikia Hitler. Hasira hiyo haikuwa bila sababu. Lakini wachache waliifanya hasira kuwa sheria, wakaanza kwa kuchoma maduka huko Frankfurt mwaka 1968, na mwisho wake wakaua watu zaidi ya 30.

Kilele kilikuwa mwaka 1977. Tarehe 5 Septemba walimteka nyara Hanns Martin Schleyer, mkuu wa chama cha waajiri, wakawaua dereva wake na polisi watatu. Mwezi uliofuata wenzao wa Kipalestina waliteka ndege ya abiria, wakamwua rubani wake, na ndege ikatua Mogadishu. Usiku wa tarehe 18 Oktoba askari wa Ujerumani, kwa ridhaa ya serikali ya Somalia, waliwaokoa mateka. Asubuhi Ensslin na wenzake wawili walikutwa wamekufa au kufa gerezani huko Stuttgart, na uchunguzi wa serikali ukaamua kwamba walijiua. Siku iliyofuata maiti ya Schleyer ilipatikana ndani ya gari huko Ufaransa.

Hapo palizuka jambo dogo ambalo kwetu lina uzito kuliko yote. Watu wengi wa Stuttgart hawakutaka wale watatu wazikwe katika makaburi ya mji. Meya wao, Manfred Rommel, alikataa kuwasikiliza. Alisema, kwa maana hii, kwamba uadui wowote hauna budi kukoma mahali fulani, na kwake yeye ulikoma pale kifo kilipofika. Alitukanwa sana kwa uamuzi huo, lakini magaidi walizikwa kama watu. Dola iliyotuhumiwa kuwa ya Hitler ilionyesha kaburini kwamba haikuwa hivyo.

Kundi hilo liliendelea kuua hata mwanzo wa miaka ya 1990. Mnamo Januari 1992 waziri wa sheria alifungua njia ya kuwaachilia baadhi ya wafungwa waliokuwa wagonjwa au waliokaa gerezani muda mrefu, na Aprili mwaka huohuo kundi likatangaza kuacha kuua viongozi. Aprili 1998 likatangaza kwamba limekwisha. Lilishindwa na mambo kadhaa kwa pamoja: polisi na mahakama, wafanyakazi ambao hawakuwafuata kamwe hao waliojidai kuwapigania, na mlango uliofunguliwa kwa wafungwa. Lakini katika tangazo lao la mwisho hawakuwa na neno la toba kwa wajane na yatima wa watu waliowaua. Kwa hiyo tujifunze kutofautisha. Ugaidi waweza kukoma bila watu kupatanishwa, na risasi zikinyamaza jeraha laweza kubaki wazi.

Ireland ya Kaskazini: mwisho kwa njia ya mazungumzo

Vita ya Ireland ya Kaskazini iliua watu zaidi ya 3,500 katika nchi ndogo yenye watu wapatao milioni moja na nusu. Jeshi la Jamhuri ya Ireland (IRA) lilitaka nchi hiyo itoke katika Uingereza na kuungana na Ireland yote. Makundi ya Waprotestanti yakaua Wakatoliki kulipiza, na nguvu za serikali nazo ziliua.

Waswahili husema dawa ya moto ni moto. Methali hiyo ilijaribiwa huko kwa ukamilifu. Tarehe 9 Agosti 1971 serikali ilianza kuwatia watu kizuizini bila mashtaka, na siku ya kwanza walikamatwa wanaume wapatao 340, wengi wao wakiwa watu wasiohusika. Tarehe 30 Januari 1972 askari wa Uingereza waliwapiga risasi waandamanaji katika mji wa Derry, wakafa 13 siku ileile na mmoja baadaye. Matokeo yakawa kinyume cha matarajio. Vijana walimiminika kujiunga na IRA, na mwaka 1972 ulipokwisha walikuwa wamekufa watu zaidi ya 470, idadi ambayo haikufikiwa tena katika mwaka wowote. Serikali ya Uingereza haikuomba radhi kwa mauaji ya Derry mpaka mwaka 2010. Miaka 38 ni muda mrefu wa kuisubiri kweli.

Wakristo walifanya nini? Wengi waliimba zaburi kila mmoja upande wake, wakaacha damu itiririke. Lakini wachache walithubutu. Desemba 1974 viongozi wa makanisa ya Kiprotestanti walikutana kwa siri na wakuu wa IRA katika kijiji cha Feakle, na kukawa na usitishaji wa mapigano ambao haukudumu. Padre Alec Reid wa monasteri ya Clonard huko Belfast alibeba ujumbe kwa miaka kadhaa kati ya John Hume, aliyepinga kila namna ya ugaidi, na Gerry Adams, kiongozi wa chama cha Sinn Féin kilichoiunga mkono IRA. Machi 1988 askari wawili wa Uingereza walipouawa na kundi la watu waliokuwa katika msafara wa maziko, padre huyo alipiga magoti kando ya miili yao akijaribu kuwaokoa, na siku hiyohiyo alikuwa amebeba barua ya mazungumzo hayo ya siri.

Tumtaje na Gordon Wilson, mfanyabiashara wa Enniskillen. Tarehe 8 Novemba 1987 bomu la IRA liliua watu 11 mjini kwake, akiwemo binti yake Marie, muuguzi wa miaka 20, aliyekufa baada ya kuushika mkono wa babaye chini ya kifusi. Jioni ile Wilson alitangaza kwamba hakuwawekea wauaji chuki, na kwamba atawaombea. Mwaka 1993 alionana na watu wa IRA awasihi waache, akarudi amevunjika moyo, kwa maana hawakumpa lolote. Tusiuone msamaha wake kuwa umeshindwa. Palipotarajiwa visasi, maneno yake yalizuia mikono mingi, na usitishaji wa mapigano ukatangazwa Agosti 1994.

Mapatano yalitiwa sahihi Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili 1998. Mei mwaka huo watu 71 katika kila 100 waliopiga kura huko Kaskazini waliyakubali. Mapatano yalidai gharama kubwa. Waliofungwa kwa mauaji waliachiliwa katika muda wa miaka miwili, na wafiwa walikutana nao madukani. Miezi minne baadaye, tarehe 15 Agosti, kikundi kilichojitenga kiliua watu 29 kwa bomu huko Omagh, siku nane tu baada ya msiba wetu. Wengi walidhani amani imekufa. Lakini mlango wa siasa ulikuwa umekwisha kufunguliwa, na wauaji wa Omagh hawakupata mahali pa kujificha katika mioyo ya watu. IRA ilitangaza mwisho wa vita yake Julai 2005, na silaha zake zilipoharibiwa Septemba mwaka huo, mashahidi wa makanisa walikuwa wawili: Padre Reid, na Mchungaji Harold Good wa Kanisa la Methodisti. Kila upande ulikuwa na mtu wa kumwamini.

Kwetu Afrika ya Mashariki

Siku 13 baada ya milipuko ya 1998 Marekani ilirusha makombora Afghanistan, na katika kiwanda cha dawa huko Khartoum ambacho ushahidi dhidi yake ulitiliwa shaka sana. Kwa upande mwingine ilitumia mahakama: mwaka 2001 watu wanne, mmoja wao Mtanzania, walihukumiwa kifungo cha maisha huko New York baada ya ushahidi kusikilizwa hadharani. Tukizipima njia hizi mbili, hukumu ya mahakama ndiyo inayosimama hata leo bila aibu. Makombora hayakuzuia mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001, na vita ya Afghanistan iliyofuata ilidumu miaka 20, ikaisha Agosti 2021 kwa kurudi kwa walewale waliong'olewa.

Nasi tuliendelea kuzika. Kikambala mwaka 2002. Nairobi, katika jengo la Westgate, mwaka 2013, watu 67. Chuo kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, watu 148, walio wengi wanafunzi. Mei 5, 2013, bomu lilitupwa katika ibada ya uzinduzi wa kanisa la Katoliki la Olasiti, Arusha, na watu watatu wakafa. Tangu Oktoba 2017 moto umewaka Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma.

Ni nani wanaojiunga? Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilitoa uchunguzi mwaka 2017 uliotokana na mazungumzo na watu waliowahi kuwa katika makundi hayo barani Afrika. Miongoni mwa waliojiunga kwa hiari, 71 katika kila 100 walitaja tendo la serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki, kuwa ndilo lililowasukuma mwishoni. Ni somo lilelile la Ireland ya mwaka 1971, nasi twafundishwa kwa mara ya pili.

Yatupasa hapa kukabili pingamizi kubwa. Wako wasemao kwamba IRA ilitaka jambo linaloweza kujadiliwa, lakini anayedai kuua kwa amri ya Mungu hana la kujadiliana. Pingamizi hilo lina ukweli. Mtu aliyekwisha kuwasha utambi hasemeshwi, huzuiwa. Walakini kundi si mtu mmoja. Ndani yake yumo anayeamini, aliyelipwa, aliyelazimishwa, na aliyekuja kulipiza kisasi cha kaka yake. Asiyewatenganisha hao huwaunganisha kwa mikono yake mwenyewe.

Wajibu wa Kanisa

Sisi Walutheri twafundisha kwamba Mungu amempa mtawala upanga amlinde jirani. Hatuna sababu ya kulionea haya fundisho hilo. Mama wa Garissa alistahili askari wa kumlinda mwanawe. Lakini tukumbuke historia yetu. Aprili 1525 Luther aliwaambia watawala wa Ujerumani waziwazi kwamba uonevu wao ndio uliowaamsha wakulima, akawasihi pande zote mbili wapatane. Mwezi uliofuata, baada ya wakulima kumwaga damu, aliandika kwamba wapigwe na kuchomwa bila huruma. Watawala waliupenda ushauri wa pili, wakaua makumi ya maelfu, hata waliokwisha kujisalimisha. Kila kizazi cha wachungaji huchagua kati ya Luther wa Aprili na Luther wa Mei. Upanga uliopewa kumlinda jirani si upanga wa kisasi, na ulio nje ya sheria si upanga wa Mungu.

Basi twaona wajibu wa namna nne. Kwanza, kuwatanguliza walioumizwa, tusiwahimize wasamehe kabla hatujawasikiliza. Wilson alisamehe mwenyewe, hakuamriwa na askofu. Pili, kutomshuhudia jirani uongo. Baada ya 1998 Waislamu wengi wa pwani walitazamwa kwa shaka, ilhali bomu halikuuliza dini ya mtu. Mimbara ikikaa kimya juu ya hilo, imesema. Tatu, kuidai serikali imfikishe mtuhumiwa mahakamani, kwa kuwa kijana anayepotea usiku huacha wadogo zake wakihesabu siku. Nne, kuwa tayari kubeba barua, kama Padre Reid, hata kwa gharama ya jina letu jema.

Hitimisho

Je, ugaidi waweza kukomeshwa? Historia yatupa majibu mawili. Kama njia ya kuua, hautakoma kabla ya siku ya mwisho, kwa maana kisu ni rahisi kupatikana na moyo wa mwanadamu haujabadilika tangu Kaini. Serikali inayoahidi kuufuta kabisa yaahidi isichoweza, na kwa ahadi hiyo yaweza kujiruhusu lolote. Lakini kila ugaidi wenye jina, wenye viongozi na madai, waweza kufikia mwisho, na mingi imefikia. Hufikia mwisho pale sheria inapokuwa ya haki, dhuluma inapoondolewa, mlango unapoachwa wazi kwa mwenye kutaka kutoka, na kweli inaposemwa juu ya pande zote.

Mwanzo 4 yasimulia kwamba Lameki alijisifu mbele ya wake zake kuwa atalipiza kisasi mara sabini na saba. Bwana wetu, alipoulizwa na Petro kuhusu msamaha, aliishika hesabu ileile ya Lameki akaigeuza. Wakati tunapoandika haya, wanafunzi wetu wanatumwa kwenda kuhudumu katika sharika za kusini karibu na Ruvuma. Watakutana na wakimbizi, na askari, na labda na kijana aliyerudi kwa siri usiku akiogopa kugonga mlango wa nyumbani kwao. Hatuwezi kuwaahidi kwamba moto ule utazimika katika siku zao. Twaweza kuwafundisha tu ni hesabu ipi waifuate mlango huo utakapogongwa.